UZI: Dar inakunywa Ruvu, inawasha Ruaha. Historia ya maji na umeme wa mji huu

Mtoto wa Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijiweni kulizuka ubishi. Mmoja anasema maji ya Dar yalikuwa ya uhakika enzi za NUWA, mwingine anasema NUWA ndio waliozeesha mabomba, kijana wa tatu akauliza NUWA ni nani, ni bendi? Tulicheka, ila nilirudi nyumbani na deni. Mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na wengi wetu hatujui maji tunayokinga alfajiri yametoka wapi, wala umeme ulioyasukuma umetoka wapi. Nimekusanya nilichonacho. Nitashusha kwa vipande kwa sababu natumia simu. Mwenye nyongeza alete, mwenye kurekebisha arekebishe, matusi yapelekwe jukwaa la siasa.

Nianze na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi bomba toka miaka ya 1970. Alikuwa na kipande cha nondo alichokitunza kama fimbo ya baba yake: ncha moja anaiweka juu ya bomba, ya pili anaitia sikioni, anafumba macho na kusikiliza. Bomba lililotoboka chini ya udongo linapiga mluzi mwembamba, na yeye anapiga hatua tatu, anasema chimba hapa. Tulikaa Kimara, karibu na yale matenki makubwa. Kila nikimuuliza "Mjomba, maji yatatoka leo?" naye ananiuliza, "Umeme wa Mlandizi upo?"

Nilidhani ananikwepa. Kumbe lilikuwa jibu kamili.

Mto Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, unakata mkoa wa Pwani na kuingia baharini upande wa Bagamoyo. Tunauchota sehemu mbili. Ruvu Juu iko Mlandizi: maji yanatolewa mtoni, yanasafishwa, yanapandishwa kwa pampu mpaka Kibamba na kuja Kimara, halafu kutoka Kimara yanateremka yenyewe kwenda mjini. Ruvu Chini iko Bagamoyo: hayo yanasukumwa kufuata barabara ya Bagamoyo mpaka kwenye matenki ya kilima cha Chuo Kikuu, nayo yanateremka kutoka hapo. Kwa hiyo mto uko bondeni, mji uko mbali, na katikati kuna mlima wa kupandishwa kwa mota. Umeme ukikatika mtamboni, hata uwe na mto uliofurika, bomba lako linakohoa upepo.

Ndiyo maana uzi huu unazungumzia maji na umeme kwa pamoja. Mashirika ni mawili, lakini mmoja akipiga chafya mwenzake anashikwa na mafua.

---

Dada Tegeta

Naweka mkeka hapa. Usiwe kama wale wa "itaendelea" halafu unatukimbia miaka miwili.

---

Mtoto wa Kimara

Sitakimbia dada.

Kipande cha kwanza, ukoloni. Umeme wa umma wa kwanza Tanganyika uliwashwa hapa Dar mwaka 1908 na Wajerumani. Haukuwa wa wananchi. Ulikuwa wa karakana za reli pamoja na sehemu ya mji waliyokaa wenyewe. Mwingereza alipokuja, mwaka 1920 akaunda idara ya serikali ya kusimamia mitambo iliyoachwa. Haikupita miaka mingi, 1931 wakaikabidhi kwa kampuni binafsi mbili: TANESCO, wakati huo T ni ya Tanganyika, na DARESCO. DARESCO ndiyo iliyoshika Dar na miji ya kwenye reli kama Dodoma na Tabora. TANESCO ilikuwa na upande wa Tanga na maporomoko ya Pangani.

Wanaosema ubinafsishaji ni jambo la miaka ya 1990 wauangalie tena huo mwaka: 1931.

Upande wa maji, mji ulikunywa visima mpaka 1959, Ruvu Juu ilipofunguliwa.

---

Mzee wa Ilala

Kijana, umeandika vizuri ila hapo kwenye visima umeruka. Kulikuwa na Mtoni. Mtambo wa Mtoni ulijengwa 1949, unachota mto Kizinga, na upo mpaka leo japo ni mdogo. Lita milioni 9 kwa siku, ukilinganisha na Ruvu ni kikombe. Lakini sisi watoto wa wakati ule maji ya bomba tuliyojua kwanza yalikuwa hayo.

Mimi nimezaliwa 1948. Bomba halikuingia ndani kwetu. Kulikuwa na kibanda, unapeleka debe lile la bati la mafuta ya taa, umelitia kipande cha mti katikati kuwa mkono, unalipa senti zako, unajaziwa. Ukimwaga njiani, bibi anakurudisha ukajaze kwa senti zako mwenyewe. Umeme tuliuona kwa mbali, Uzunguni na Uhindini. Kwetu koroboi. Masizi yake unaamka nayo puani.

---

Mtoto wa Kimara

Shikamoo mzee. Nimepokea, Mtoni nimeisahau na nisingepaswa kuisahau maana mjomba alifanya kazi huko pia. Ahsante sana.

---

Mzee wa Ilala

Marahaba. Endelea.

---

Mtoto wa Kimara

Kipande cha pili, Uhuru. Mwaka 1964 serikali ikanunua hisa za kampuni zote mbili za umeme. Zikawa shirika moja, jina TANESCO likabaki, na mwaka 1968 T ikawa ya Tanzania. Mwaka huohuo wa 1964 mtambo wa Hale kwenye mto Pangani ukaanza, megawati 21. Leo megawati 21 hazimtishi mtu, ila Dar ya wakati ule ilikuwa mji wa watu laki mbili na kitu. Sensa ya 1967 iliwahesabu kama 273,000.

Halafu likaja jambo kubwa: Kidatu. Mto Ruaha Mkuu, megawati 100 za mwanzo mwaka 1975, zikafika 204 mwaka 1980. Waya mkubwa ukatoka Kidatu kupitia Morogoro ukaja kutua Ubungo. Hapo ndipo kichwa cha uzi kinapotoka: tangu hapo Dar ikawa inakunywa Ruvu na kuwasha Ruaha. Ruaha iko bonde la Rufiji, Ruvu ina bonde lake. Mvua ikigoma Mbeya na Iringa, taa zinazimika Sinza. Ikigoma Uluguru, mabomba yanakauka Sinza hiyohiyo. Na ikigoma kote kwa pamoja, ndugu zangu, hayo tuliyaona.

Kwa maji, mwaka 1976 ikaja Ruvu Chini kwa msaada wa Canada. Lita milioni 180 kwa siku. Huo ndio ulikuwa mtambo mkubwa kuliko yote, na mjomba alikuwa akisema mwaka ule bomba lilikuwa likifunguliwa linapiga hadi ndoo inaruka.

Sasa shikeni tarehe hiyo, 1976. Kati ya hapo na miaka ya 2010, uwezo wa mitambo ya Ruvu haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Miaka kama 40. Watu wakatoka chini ya milioni moja kwenye sensa ya 1978 wakafika milioni 4.36 mwaka 2012. Mto uleule, mitambo ileile, bomba lilelile. Kilichokuwa kinabadilika ni kibao cha ofisini.

---

Kinyerezi Mwisho

Hapo kwenye kibao umenichekesha kwa uchungu. Tupe orodha ya vibao.

---

Mtoto wa Kimara

Ilikuwa Idara ya Maji, wizarani. Mwaka 1981 sheria ikaunda NUWA, Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini. Jina lilikuwa la taifa, kazi ikaishia Dar na majirani zake wa Pwani. Mwaka 1997 NUWA ikaunganishwa na idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA. Mwaka 2003 wakaja City Water. Mwaka 2005 ikaja DAWASCO, DAWASA ikabaki juu yake kama mwenye mali. Mwaka 2018 DAWASCO ikamezwa, tukarudi DAWASA. Kijana wa kijiweni akiuliza tena, NUWA ni bibi yake na DAWASA.

Na kabla hamjamlaumu bibi: kwa miaka mingi maji yalichukuliwa kuwa huduma ya bure au ya bei ya kutupa, mpaka Sera ya Maji ya 1991 iliposema wazi kuwa mtumiaji achangie. Shirika lisilokusanya hela haliwezi kubadili bomba la 1959. Linatia viraka tu. Mjomba alikuwa akikata mpira wa tairi la gari, anauzungushia bombani, anakaza kwa waya. Kiraka juu ya kiraka. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya nusu ya maji yaliyotoka Ruvu ama yalivujia njiani ama yalifika kwa mtu asiyelipa.

---

Fundi Koki

Tusidanganyane, na sisi wananchi tulitoboa. Bomba kubwa likipita mtaani kwenu na nyumbani hamna maji, usiku watu wanashuka na tindo. Nimefanya kazi hizi, nimeona bomba la inchi 4 lina matundu kama filimbi.

---

Mtoto wa Kimara

Kweli kabisa mkuu. Na wengine walikuwa na mita ya mapambo, iko ukutani, maji yanapita pembeni.

Kipande cha tatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye nyama.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inaomba kusamehewa madeni. Kuweka maji ya Dar mikononi mwa kampuni binafsi kukawa moja ya masharti. Mpango wenyewe: DAWASA abaki na mali, mitambo na mabomba, halafu kampuni ikodishwe kuendesha kwa miaka 10, ikusanye bili, ilipe kodi ya pango kwa DAWASA. Wakati huohuo Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya wakatoa mikopo ya jumla ya dola milioni 143 za ukarabati.

Zabuni ikaitishwa. Waliojitokeza mwanzo walikuwa zaidi ya mmoja, lakini aliyeweka bei mwishoni akabaki mmoja tu: Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Wakaungana na Superdoll ya hapa nyumbani, wageni asilimia 51, mwenyeji 49, wakaunda City Water. Kazi ikaanza tarehe 1 Agosti 2003.

Zabuni ya mtu mmoja ni kama mnada wa ng'ombe wenye mnunuzi mmoja. Anayepata hasara baadaye anaweza kuwa muuzaji au mnunuzi mwenyewe. Huyu alikuwa mnunuzi. Aliweka bei ndogo mno. Bili alizotarajia kukusanya hazikukusanyika, mfumo wa wateja ukawa vurugu, pango la DAWASA likaanza kuchelewa na baadaye kukwama. Wakaomba masharti yapitiwe upya, mazungumzo yakavunjika.

Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akasimama mbele ya waandishi akatangaza mkataba umekwisha. Miezi 21 tu. Tarehe 1 Juni viongozi watatu wa kampuni wakasindikizwa kutoka nchini. DAWASCO ikakaa kwenye meza zilezile.

Wazungu wakaenda kushtaki. Kesi zikawa mbili. Moja London, kati ya City Water na DAWASA, ikaamuliwa kwa faida ya DAWASA, fidia ya kama pauni milioni 3. Ya pili ilikuwa ya Biwater Gauff dhidi ya Tanzania kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Uamuzi ukatoka Julai 2008 na ni wa aina yake: wasuluhishi walisema serikali ilivunja haki za mwekezaji kwa jinsi ilivyomtoa, ila fidia ni sifuri, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshakufa kabla haijatolewa. Yaani umevunja mlango wa mtu bila haki, lakini ndani hamkuwa na kitu.

---

Dada Tegeta

Kwa hiyo tulishinda au tulishindwa?

---

Mtoto wa Kimara

Mahakamani tulitoka salama. Bombani hakuna kilichobadilika. Mama yangu alikuwa ananunua maji ya mkokoteni kabla ya City Water, wakati wa City Water, na baada ya City Water. Muuza maji wake alikuwa yuleyule, na chaki yake ya kuweka alama ukutani, alama moja dumu moja, Jumamosi wanahesabiana. Huyo hakuwahi kupoteza mkataba.

---

Kinyerezi Mwisho

Mkuu mimi napinga kidogo. Unaongea kama kampuni binafsi ndiyo shida. DAWASCO ya serikali ilikuwa bora? Mimi kipindi kile nilipanga Tabata, koki ilikuwa pambo, tulikuwa tunaanikia soksi.

---

Mtoto wa Kimara

Sijasema hivyo, na ukisoma juu utaona nimewapiga wote. Hoja yangu ni kwamba ugomvi wote ulihusu nani akusanye hela, na maji yenyewe ni lita zilezile za 1976. Ukimpa malaika mitambo ya watu laki nane ahudumie milioni tatu, naye atakuwa na mgao.

Halafu tazama umeme, ni mapacha. TANESCO nao mwaka 2002 waliletewa kampuni ya kuwaongoza, Net Group Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi waligoma kuwapokea, wakaingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Makusanyo ya bili yalipanda, hilo lazima niseme, watu na ofisi za serikali walikatiwa bila kuangaliwa usoni. Lakini kukusanya bili hakujazi bwawa. Mkataba ukafika mwisho 2006, na 2006 ndiyo ule mwaka.

Waliokuwa wakubwa wanaukumbuka. Bwawa la Mtera ndilo ghala la Kidatu. Likijaa linasoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendesha mitambo ni mita 690. Tulikuwa tunasomewa namba za Mtera kwenye taarifa ya habari kama matokeo ya mpira. Mama lishe akawa anajua Mtera imeshuka sentimita ngapi. Mgao ukawa wa mchana kutwa, saluni na viwanda vya kuchomelea vikafanya kazi usiku wa manane.

Hapo ndipo ikaja Richmond. Juni 2006, mkataba wa megawati 100 za dharura, kampuni haikuwa na uwezo, mkataba ukahamishiwa Dowans. Kamati ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Waziri Mkuu huyo ni Edward Lowassa. Mtu yuleyule aliyevunja mkataba wa maji 2005 akaangushwa na mkataba wa umeme. Mwenyewe alisema mpaka mwisho kuwa alionewa, na amefariki 2024, kwa hiyo sitaki kumhukumu hapa. Ila kama kuna mtu historia ya maji na umeme wa mji huu ilipita juu ya mgongo wake, ni yeye.

---

Fundi Koki

Umeiacha IPTL, ile kampuni binafsi ya kufua umeme pale Tegeta. Hiyo peke yake ni uzi.

---

Mtoto wa Kimara

Ni uzi na shuka lake. Mkataba 1995, umeme 2002, kesi mpaka leo watu wanahesabu. Nitaiacha kwa makusudi, tukiingia humo hatutoki. Niseme tu kilichosaidia kweli: gesi. Mwaka 2004 bomba la Songo Songo lilifika Ubungo, na kwa mara ya kwanza Dar ikawa na umeme mwingi usiotegemea mvua. Baadaye likaja bomba la Mtwara, 2015, na mitambo ya Kinyerezi.

Aside kidogo kuhusu Ubungo, maana napapenda. Waya wa Kidatu unatua Ubungo. Gesi imetua Ubungo. Makao makuu ya TANESCO yalikuwa Ubungo na jengo la Wizara ya Maji lilikuwa Ubungo, majirani kabisa. Mwaka 2017 Rais Magufuli akaagiza majengo yote mawili yaliyoingia kwenye hifadhi ya barabara yavunjwe. Nilikuwa kwenye daladala siku moja, kondakta akasema, "Leo maji na umeme wote wamekatiwa." Gari zima lilicheka.

---

Mvita Old Town

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma nikaona sie tuna kisa cha kinyume. Maji yetu yatoka Mzima, kule Tsavo, bomba la 1957, karibu kilomita 220, na yashuka yenyewe kwa mteremko mpaka pwani. Hayahitaji mota. Lakini njoo Mombasa leo, mikokoteni ya mitungi ya maji yakupita kila dakika. Watu waliongezeka, bomba halikuongezeka. Kwa hivyo hata huo umeme wenu ukiwa wapo siku zote, msidhani mambo yatakwisha.

---

Mtoto wa Kimara

Ahsante ndugu yangu wa Mvita. Kumbe tofauti yetu ni mlima tu, ugonjwa ni mmoja.

Kipande cha mwisho. Baada ya miaka 40 mitambo ilipanuliwa kweli. Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwenda 270, kwa msaada wa Marekani. Ruvu Juu kutoka milioni 82 kwenda 196, kwa mkopo wa India. Kutoka Ruvu Chini likalazwa bomba jipya la kipenyo cha mita 1.8. Mjomba alikuwa ameshastaafu, tulimpeleka kulitazama pale Tegeta kabla halijafukiwa. Aliingia ndani akasimama wima, akagonga ukuta wake kwa ile nondo, akasema, "Hili hata likitoboka sitalisikia."

Jumlisha: lita milioni 466 kwa siku. Watu tukapumua. Maeneo ambayo hayajawahi kuona bomba yakaona, na waliokuwa wakichimba visima vya maji ya chumvi wakaanza kuvifunika.

Halafu Oktoba 2022. Mvua zilikuwa hafifu, mto ukashuka, na mitambo mipya ikakuta hakuna cha kusukuma. Mgao ukatangazwa, visima virefu vya Kigamboni vikaunganishwa haraka, na wenye pampu za umwagiliaji juu ya mto wakaanza kufukuzwa. Hapo wengi ndipo walipogundua jambo ambalo wazee wa maji wanalijua siku zote: Ruvu haina bwawa. Tangu 1959 tunakunywa mto unavyopita. Umeme una Mtera ya kuweka akiba ya mvua ya mwaka jana. Maji ya Dar hayakuwa na akiba hata ya mwezi.

Bwawa la Kidunda, kule Morogoro Vijijini, limezungumzwa tangu miaka ya 1960. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Novemba 2022, mgao ukiwa bado unaendelea. Ujazo wake ni lita bilioni 190, na litazalisha megawati 20 za umeme. Nimepiga hesabu: bilioni 190 gawa kwa milioni 466, unapata siku 407. Yaani mto ukikauka kabisa, Dar inakunywa mwaka mzima na zaidi ya mwezi.

---

Mzee wa Ilala

Nilikuwa kijana wa suruali pana niliposikia Kidunda mara ya kwanza. Nina wajukuu wanane.

---

Fundi Koki

Mtoa mada, hesabu yako ni ya karatasi. Maji ya Kidunda hayaletwi kwa bomba mpaka Mlandizi, yatafunguliwa yashuke mtoni kwenyewe. Njiani kuna jua linakunywa, mchanga unakunywa, kuna ng'ombe, kuna mashamba ya mpunga na pampu zake, na lazima mengine uyaachie yafike baharini la sivyo chumvi inapanda kuelekea Ruvu Chini. Halafu bwawa nalo huwezi kulikausha mpaka tope. Na yakifika Mlandizi bado yanangoja umeme. Toa hayo yote ndipo uhesabu siku.

---

Mtoto wa Kimara

Hapo umenishika mkuu, na mjomba angenicharaza kwa ile nondo. Nimerudi juu lakini simu inakataa kuhariri. Kwenye siku 407 wasomaji waongeze wenyewe maneno "zisizozidi".